Shajara ya ekzosi: Corolla ya 1998, Tabora

Gari ni Toyota Corolla ya 1998, injini ya 5A, cc 1,498. Kazi yake ni kubeba ndoo za asali kutoka Sikonge hadi mjini Tabora, na siku za Jumapili kubeba familia. Naandika hatua kwa hatua, na bei zote ni za shilingi, ili mwenye gari la aina hii asirudie makosa yangu. Mimi si fundi. Nina spana, jeki, na mjomba anayejua nyuki kuliko magari.

1 Juni 2024. Dalili

Asubuhi nikiwasha, injini inatoa mlio wa tik-tik-tik, kama cherehani. Likipata moto, mlio unapungua. Nguvu ni hafifu: nikivuka spidi 60 nakanyaga mafuta na gari haliongezi mwendo. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 13, sasa hazifiki 9. Taa ya injini inawaka, inazima, inawaka tena.

Kwa wanaoanza: ekzosi si lile bomba la nyuma peke yake. Inaanzia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini). Pale pana manifodi, chuma chenye matundu manne kinachopokea moshi wa silinda nne na kuuunganisha. Hufuata bomba la mbele lenye sensa ya oksijeni, halafu masega (kopo la kusafisha moshi), halafu silensa ndogo ya kati, na mwisho silensa ya nyuma. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatema moshi mara 25 kwa sekunde. Zidisha kwa nne: mipigo 100 kila sekunde inapita kwenye bomba lisilozidi unene wa muhindi.

8 Juni. Kosa la kwanza, shilingi 80,000

Niliona silensa ya nyuma imeoza chini, ina tundu la kupitisha kidole. Nikajiambia kelele imepatikana. Silensa ya mtumba 65,000, kufunga 15,000.

Ni kweli ile ya zamani ilikuwa imekufa. Petroli ikiungua inazaa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli. Safari ndefu inayatoa yote kama mvuke. Safari fupi za kutoka Ipuli hadi sokoni zinayaacha ndani ya silensa, yanatulia chini na kuila bati kutokea ndani. Ndiyo maana silensa ya gari la mjini huoza kabla ya ile ya gari la safari.

Mngurumo ulipungua. Tik-tik haikuguswa, na nguvu pia. Silensa kazi yake ni kuua sauti: ndani ina vyumba na mirija yenye vitobo, mawimbi ya sauti yanagongana na kufutana. Mlio unaotoka kabla moshi haujaifikia silensa hauna uwezo nao. Hili ningelifikiri kabla ya kutoa hela.

12 Juni. Kutafuta uvujaji

Niliwasha gari likiwa baridi kabisa saa kumi na mbili asubuhi, nje, mwanangu akaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa gunia lililoloweshwa, sekunde chache tu. Moshi ukikosa njia ya nyuma unajitokeza kwenye kila ufa. Ulijitokeza juu ya manifodi. Nilipofungua ngao ya joto, ule mtandao mweusi wa masizi ukanionyesha mahali penyewe: ufa wa sentimita 4 hivi kati ya tundu la silinda ya pili na la tatu. Chuma kikiwa baridi ufa unaachama, kikipata moto kinatanuka na ufa unajifunga. Hiyo ndiyo siri ya tik-tik ya asubuhi.

Hapo pia nikaelewa taa ya injini. Kwenye kisanduku cha kupimia niliunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, nikafungua swichi bila kuwasha, taa ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara tano. Namba 25: kompyuta inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi mmoja aliposikia hivyo alitaka kubadilisha pampu ya mafuta papo hapo. Nikamwambia asubiri. Ufa hautoi moshi tu, unavuta pia: nyuma ya kila mpigo wa moshi inabaki nafasi yenye mvuto mdogo, na hewa ya nje inaingia kupitia ufa. Sensa inaonja oksijeni ile, inaripoti kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. Kilomita zangu nne kwa lita zilikuwa zinapotelea hapo, au ndivyo nilivyoamini siku hiyo.

15 Juni. Kuchomelea mara ya kwanza (usifanye hivi)

Nilitoa manifodi. Stadi moja (bolti isiyo na kichwa) ilikatikia ndani, tukaitoa kwa kuichomelea nati juu yake na kuizungusha ikiwa bado ya moto. Nusu siku.

Gereji niliyoipeleka, siitaji, walichukua vijiti vya kawaida vya kuchomelea madirisha na wakajaza ufa kwa dakika kumi. 20,000. Ilipendeza macho. Gasketi mpya ya manifodi, ile ya kuziba kati yake na hedi, 18,000, nikafunga.

Siku ya tatu, tik-tik-tik.

22 Juni. Kuchomelea mara ya pili

Manifodi hii ni chuma cha kusubu, mafundi wetu wanakiita kasti. Kina kaboni nyingi, hakipendi joto la ghafla wala baridi ya ghafla. Ukikipiga moto wa umeme sehemu moja wakati sehemu nyingine ni ya baridi, kinajivuta na kupasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Ndivyo kilivyofanya: ufa mpya ulipita milimita mbili kando ya ule wa zamani, unaufuata kama mke mwenza.

Nilimpata mzee mmoja wa Isevya aliyezoea kuchomelea mashine za kusaga. Akaniambia, "Hiki si cha kukimbilia, bwana. Njoo na mkaa."

Alivyofanya, kwa anayetaka kuiga:

Kwanza alisaga kazi yote ya zamani kwa grenda mpaka ufa ukawa mfereji wa umbo la V. Kila ncha ya ufa akaitoboa kitobo cha milimita 3, maana ufa ukifika kwenye tundu la duara unachoka, hausongi mbele. Kisha manifodi nzima ikakaa juu ya majiko mawili ya mkaa, tena majiko ya nyumbani kwangu, jambo lililonigharimu chakula cha mchana. Akadondoshea tone la maji. Lilipochemka na kuruka papo hapo akasema bado, akangoja robo saa nyingine. Alitumia vijiti vya nikeli, anachomelea sentimita mbili, anasimama, anagongagonga taratibu kwa nyundo ndogo wakati bado pa moto ili chuma kilegee, anahama upande mwingine. Alipomaliza akaizika manifodi ndani ya pipa la majivu na kuniambia nirudi kesho.

Kesho yake ilikuwa bado ya uvuguvugu.

Vijiti vinne vya nikeli 24,000, ufundi 25,000. Gasketi haikuharibika, nikairudia.

Kuna jambo nusura nilisahau. Uso wa manifodi unaokaa kwenye hedi ulikuwa umepinda. Niliweka rula ya chuma na mwanga ukapita chini yake katikati, karibu milimita moja. Ningefunga hivyo, gasketi ingepasuka ndani ya wiki. Nilibandika msasa namba 80 juu ya kioo cha dirisha, nikaisugua manifodi juu yake kwa mwendo wa namba nane, kwa muda wa saa tatu na nusu. Mabega yaliuma siku mbili.

24 Juni. Imepona, imezidi kuugua

Mlio umekwisha kabisa. Asubuhi gari linawaka kimya. Nikaondoka kwenda Sikonge nikiwa na furaha, na kabla ya kufika nusu ya njia nilikuwa natamani tik-tik yangu irudi. Spidi 50, basi. Mguu uko chini kabisa, injini inalia kama mtu aliyefunikwa blanketi, gari haliendi. Lori la tumbaku lilinipita. Limejaa.

Nilikaa kwenye kivuli cha mti na kufikiri. Nimeziba ufa, nguvu imepungua. Kwa hiyo ule ufa ulikuwa unasaidia! Mbele yake pana kizibo, na moshi uliokosa njia ulikuwa unapumulia pale. Mimi nimekuja nikauziba.

Injini ni pampu. Moshi usipotoka, unabaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi, na hapo hata uongeze mafuta kiasi gani, hakuna cha kuyaunguza.

25 hadi 29 Juni. Kupima kwa mpira wa levo

Mtuhumiwa wa kwanza ni masega. Nilikuwa nimeshayapima mwanzoni mwa mwezi kwa njia ya mtaani: unagonga kopo kwa ngumi, yakilia chakacha-chakacha yamevunjika. Hayakulia. Nikayaamini. Masega yaliyoyeyuka hayalii, yameshikana.

Kipimo cha kweli ni presha ya moshi kabla ya masega. Unatoa sensa ya oksijeni na kufunga kipimo kwenye tundu lake. Kwa injini isiyo na tatizo, bila kukanyaga mafuta, isizidi psi (kizio cha presha) 1.5 hivi, kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Nilijaribu geji ya kupimia matairi. Geji yenye kufika psi 160 haijui hata kama psi 2 ipo, mshale haukutikisika. Nikapoteza siku.

Jibu lilitoka kwa mafundi ujenzi wa jirani. Wana ule mpira mwangavu wanaotia maji kupimia usawa wa ukuta. Psi moja ni sentimita 70 za maji. Nikauazima, nikauning'iniza kwenye mwembe uani kwa umbo la U, kila mkono mita 2.5, nikajaza maji nusu na kuyatia rangi kwa chembe ya juisi ya unga. Kwa upande wa gari nilichukua sensa nyingine ya zamani iliyokufa, nikatoa utumbo wake, nikaunganisha bomba la shaba la breki lenye urefu wa mita moja (5,000) ili moshi upoe kabla ya kuufikia mpira. Bila hilo bomba mpira utayeyuka. Na maji yatachezacheza juu chini kwa sababu moshi unakuja kwa mipigo. Bana mpira kidogo kwa klipu, yatatulia.

Matokeo: bila kukanyaga mafuta, tofauti ya maji kati ya mkono mmoja na mwingine ilikuwa sentimita 115. Hiyo ni zaidi ya psi 1.6. Nikamwambia mwanangu apandishe taratibu mpaka 2,500. Kabla hajafika, maji yote yaliruka juu na kuoga majani ya mwembe, pamoja na jirani aliyekuja kuangalia mpira wake. Zaidi ya psi 3.5, basi.

Fanya hili nje. Moshi unaotoka kabla ya masega una kaboni monoksaidi nyingi, haina harufu, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

30 Juni. Tumbo la masega

Tulikata bolti, tukashusha kopo. Mjomba alikuwa amekuja kutoka shambani na mizigo yake. Nikammulikia tochi ndani.

Masega mazima ni kigae cha udongo maalumu chenye vijitundu maelfu, vya mraba, vimepangana kama kazi ya nyuki. Mafundi waliotoa jina hilo hawakukosea. Kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo sana, na moshi ukipita ukiwa na joto la kutosha, kuanzia nyuzi 250 au 300 hivi, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dioksaidi, petroli isiyoungua inamalizwa, na oksidi za nitrojeni zinarudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayaliwi katika kazi hiyo.

Yangu yalikuwa uji ulioganda. Upande mmoja tu wa juu ulikuwa na vijitundu vilivyo wazi, eneo la kama sarafu nne.

Mjomba akaangalia muda mrefu. "Mpwa, hapa kuna mtu alizidisha moto."

Kwake ni jambo la kila msimu: anayerina asali kwa mienge mikubwa badala ya moshi hupata nta iliyoyeyuka na nyuki waliokufa. Nikamwuliza, kwenye gari huo moto umetoka wapi? Hilo hakulijua, lakini neno lake lilinizuia nisinunue masega mapya siku hiyo. Yangeyeyuka tena.

Moto ulitoka kwenye petroli mbichi. Petroli isipoungua kwenye silinda inaungulia kwenye masega. Ile ya ziada iliyosababishwa na ufa ilichangia, lakini haikutosha. Usiku nilifungua boneti gizani, injini ikiwaka, na kwenye waya wa plagi ya silinda ya tatu nikaona cheche za bluu zikirukia chuma. Silinda ilikuwa inamisi, yaani mara nyingine haiunguzi petroli yake, sijui kwa muda gani. Seti ya waya 55,000, plagi nne 32,000.

6 hadi 13 Julai. Wiki ya bomba tupu

Masega ya mtumba yaliagizwa Dar es Salaam na yangechelewa. Fundi akasema, kama wanavyosema wote: "Bosi, toa hayo mambo, piga bomba. Gari litaruka." Na akajitolea kuyachukua yale mabovu bure. Ukisikia fundi anajitolea kukuondolea takataka bure, zishike. Madini yale hayakuyeyuka pamoja na kigae yakapotea, bado yamo humo.

Bomba tupu 25,000. Niseme ukweli: gari liliruka. Tofauti na lile lililozibwa ni kama usiku na mchana. Lakini tatizo la kuziba nililitoa kwa kutoa kizibo, na masega mazima si kizibo. Hilo nitalithibitisha kwa maji hapa chini.

Siku ya tatu nikaanza kuumwa kichwa kila nikisimama na gari linawaka. Moshi mkali ulikuwa unarudi ndani kupitia raba iliyochoka ya buti. Siku ya tano mteja wangu wa zamani, mama mwenye duka, akafungua ndoo, akanusa, akaifunga. "Kaka, siku hizi unanunua asali ya moshi?" Anadhani warinaji wangu wamebanika mizinga. Nikanusa: ndoo yenyewe ilikuwa inanuka bomba. Sikubishana naye. Nikapunguza bei ya ndoo tatu, hasara ambayo siiweki kwenye hesabu kwa sababu inaniuma. Raba ya buti nimeigeuza na kuigandisha upya.

20 Julai. Kufunga masega

Yalifika kwa basi. 240,000, usafirishaji 10,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji apige picha akiwa ameweka tochi nyuma ya kopo, nione mwanga unapita kwenye vijitundu vyote. Ulipita.

Kufunga kwenyewe hakuna hadithi. Gasketi mbili za duara 18,000, bolti zenye springi 8,000. Hizo springi usizikaze mpaka zikafa: kiungo kile kinatakiwa kucheza kidogo injini inapotikisika.

Hapo ndipo nikafanya kosa la mwisho. Raba za kuning'iniza ekzosi zilikuwa zimekatika, na duka limefungwa, nikafunga kwa waya wa kuezekea. Imara sana. Imara kupita kiasi. Siku nne baadaye mtikisiko wa injini, uliokosa mahali pa kufia, ulipasua kiungo kipya nyuma ya masega. Kuchomelea tena 15,000, raba tatu 12,000, bei ambayo ningelipa toka mwanzo.

27 Julai. Vipimo

Mpira wa levo ukarudi kwenye mwembe, jirani akasimama mbali. Bila kukanyaga mafuta: sentimita 9. Kwenye 2,500: sentimita 41, yaani psi 0.6. Hayo ni masega kamili, silensa mbili, na bomba lote. Anayekwambia masega ndiyo yanaua nguvu ya gari mwambie alete mpira.

Namba 25 nimeifuta kwa kutoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta wa kupulizia petroli), haijarudi. Kutoka Sikonge na ndoo kumi: kilomita 12.6 kwa lita.

3 Agosti. Hesabu na yaliyobaki

Jumla ya matumizi ni 587,000. Kati ya hizo, 140,000 ni ada ya ujinga: silensa niliyoianza kabla ya wakati, kuchomelea kwa kwanza, bomba tupu, na kiungo nilichokipasua kwa waya. Nikiwa mkweli silensa ilihitajika, lakini si kwa sababu niliyoinunulia.

Mnunuzi wa masega mabovu alipita mtaani. Alianza na 60,000, tukaishia 130,000 baada ya chai mbili. Yametoka kwenye gari langu na nina kadi ya gari, nilimwonyesha hata hakuniomba.

Bado: kutoboa kitobo cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya silensa ya nyuma, maji yatoke. Sensa ya oksijeni ni ileile ya zamani, nitaipima kwa mita wiki ijayo. Iliyo hai inarukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9.

Silensa iliyooza ameichukua mjomba. Amekata kipande chake cha mbele, amekitoboa, na sasa anakitia magome makavu kufukizia nyuki. Anasema hakina joto kali, kinatoa moshi tu.